Kadi Kumi na Moja za Neno Get

Watu wasioijua kazi yetu hudhani kamusi hutungwa na watu wapole wenye miwani, wanaokaa kimya na kupendana. Miwani ni kweli. Mengine waulize wake zetu.

Mimi nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, ya juzuu tatu, na ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kuna meza tano, makabati ya chuma yenye droo ndogondogo, feni moja inayozunguka ikijisikia, na birika la umeme ambalo kila mtu husema si zamu yake kulijaza. Nilianza na herufi A nikiwa na nywele. Sasa tumefika G, nywele zimebaki za kuhesabika, na wenzangu wananiita Kalamu Nyekundu, kwa sababu kadi ya mtu ikipita mezani kwangu hairudi salama.

Kadi ndiyo kazi yenyewe. Huruhusiwi kuandika kwamba neno fulani la Kiingereza maana yake ni hii kwa sababu umelala ukaota hivyo. Kila maana lazima iwe na kadi, na kwenye kadi lazima iwepo sentensi ya Kiswahili iliyosemwa na mtu wa kweli au kuandikwa mahali. Chini ya sentensi unaweka tarehe, mahali, na kazi ya msemaji. Jina huandiki. Kisha kadi zako zinafungwa kwa mpira na kupelekwa kwa msomaji wa pili. Akiridhika, anaweka sahihi pembeni. Asiporidhika, anakata, na maana hiyo haiingii kwenye kamusi hata kama dunia nzima inaisema.

Sasa kuna neno get. Ukiliangalia unalidharau, herufi tatu tu, lakini tumbo lake halijai. Ni kupata, ni kupokea, ni kununua, ni kufika, ni kuelewa, ni kuzoea, ni kupona, ni kuambukizwa, ni kumfanya mtu acheke au alie. Waingereza wakikosa neno hulitupia hilo mzigo, nalo linabeba bila kunung'unika. Mtu akilimaliza neno kama hilo, wenzake humtengea kiti. Mimi nilikuwa nalisubiri tangu herufi C. Nilikuwa nimeshaanza hata kuchonga penseli.

Mhariri Mkuu wetu ni mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini inayokata kuliko wembe. Siku ya kugawa maneno alinipita mimi, akampa mwenzetu tunayemwita Kimya.

Nilimfuata mezani kwake. Nilimwambia, kwa adabu zote, kwamba mimi ndiye mkongwe hapa. Hakubisha. Alisema ukongwe wangu anauheshimu, ila kadi zangu zote zimetoka kwenye magazeti na vitabu, zinanuka karatasi, na neno hili linaishi midomoni mwa watu. "Kimya anasikiliza," alisema. "Wewe utakuwa msomaji wake wa pili." Nikarudi kwenye kiti changu, nikazirudisha penseli zangu ndani ya droo.

Huyo Kimya alikuja kwetu miaka minne iliyopita. Zamani alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuandika neno kwa neno yale watu wanayosema kizimbani, na nadhani huko ndiko alikozoea kufunga mdomo. Ni mtu wa umri wangu. Mwaka huo wa neno get alikuwa ametoka kuugua, amepungua, suruali zinamning'inia. Ukimsalimia anakujibu, basi. Wenzangu walisema ni mtu mwema. Mimi nilisema simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mtu wa kamusi hana budi kuyapambanua maneno, hata yanayomwumiza mwenyewe. Husuda, kwa hesabu yangu, ni kutaka mwenzako akose. Gere ni kuumia kwa sababu yeye anacho na wewe huna. Wivu ni kitu kingine, wivu unauma kwa kile ambacho tayari unakiita chako. Juu ya neno get nilikuwa na gere, nakiri, na husuda kidogo. Wivu ulikuwa bado njiani.

Mke wangu ni fundi cherehani. Ana duka dogo pembeni mwa posta, mwaka wa tisa huu, na hapo mtaani hakuna fundi mwingine mwanamke. Watoto wetu wawili wameshakuwa wakubwa wametoka nyumbani. Tumebaki wawili, mimi na yeye na kadi zangu. Jioni tunakula mezani, yeye anazungumza mambo ya wateja wake, mimi nasahihisha. Sijawahi kumpiga, sijawahi kulala nje, mshahara wangu anaujua. Nilijiona mume mzuri, na hakuna aliyeniambia vinginevyo.

Bunda la Kimya lilifika mezani kwangu Jumatatu asubuhi. Kadi mia moja na arobaini, mwandiko wa karani, hakuna herufi iliyoinama. Nilifungua kalamu kwa furaha. Nilikuwa nimejiandaa kukata kwa mkono wa chuma, na kwa saa nzima nilitafuta pa kukata nikakosa, jambo lililoniudhi zaidi. Dereva wa lori alisema hivi, mwuza samaki alisema vile, na kila sentensi ilikaa juu ya maana yake barabara.

Kwenye kadi ya hamsini na kitu nikaona chini yake pameandikwa: fundi cherehani, mwanamke, duka la pembeni mwa posta.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikapekua bunda zima. Kadi kumi na moja zilikuwa na maneno hayohayo chini yake.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu asiye wa kazi yetu asingeweza hata kulifikiria. Kadi za kamusi hupangwa kwa maana: za kupokea huku, za kufika huku, za kuelewa kule. Ndivyo Kimya alivyozipanga. Mimi nikazitoa zile kumi na moja, nikazipanga upya kwa tarehe. Sentensi zilizokuwa zimelala mbalimbali, kila moja na maana yake, zikaamka zikawa hadithi.

Mwezi wa tatu: "Nimekipata kitambaa chako, ila uzi wa rangi hiyo sijaupata." Hapo sawa, ni biashara. Wiki mbili baadaye: "Umenichekesha mpaka mshono umekwenda kombo." Nikaisogeza kadi karibu na macho. Mwezi wa nne: "Wewe umenielewa hata sijamaliza kusema." Kisha: "Njoo kesho mapema, kabla watu hawajafika." Mwezi wa tano: "Nilishapona, siku hizi haniumizi tena mtu." Na ya mwisho, ya siku tisa tu zilizopita: "Siku moja nitatoka humu ndani nikaione dunia."

Nilikaa na kadi hizo mkononi mpaka chai yangu ikapoa ikafanya utando. Wivu ukanijia mzima mzima, si gere wala husuda. Nilimwangalia Kimya aliyekaa meza ya tatu, anachonga penseli taratibu kama mtu asiye na dhambi, na nikaona kile ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote: suruali zake zilikuwa hazimning'inii tena. Zilikuwa zimemkaa. Mtu alikuwa amempima kiuno.

Nikaangusha kifutio makusudi, nikainama kukiokota, na nikiwa chini ya meza nikakagua upindo wa suruali ya mwanamume mwenzangu. Mshono wa mara mbili, wa mkono, na fundo dogo kwa ndani. Mke wangu ndivyo anavyofunga uzi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimekiona kwenye nguo za mwingine.

Siku hizo nyumbani nilikuwa mpelelezi. Nilimwuliza kama wateja walikuwa wengi, akasema wapo. Nilimwuliza wanawake au wanaume, akasema wanavaa wote. Nilimsikia anaimba jikoni na nikaanza kujiuliza wimbo huo kaujulia wapi. Alipaka mafuta mikono kabla ya kulala, kama anavyofanya kila siku kwa sababu ya pini, na mimi nikageukia ukutani nikiwa na hakika kwamba mafuta hayo si yangu. Nilishindwa kula. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema kazi.

Ningeweza kumwuliza, najua. Lakini mwanamume aliyezoea kudai ushahidi kwa watu hapendi kuomba maelezo. Nilifanya jambo la kijinga zaidi. Jumatatu iliyofuata nikaziiba zile kadi kumi na moja, nikazitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, na bunda nikalirudisha kwa Mhariri Mkuu pamoja na karatasi niliyoandika kwa wino mwekundu: maana kumi na moja hazina ushahidi.

Furaha yangu ilidumu kama dakika tano. Mama alimwita Kimya mbele yetu sote na kumwuliza kadi ziko wapi. Kimya alipekua droo zake zote, akapekua hata chini ya kabati, vumbi likamjaa magotini. Hakumshuku mtu. Ilinibidi niangalie dirishani.

Halafu akasimama, akajipangusa, na kusema kwa utulivu, "Nitarudi kwa msemaji."

Sheria yetu ndiyo hiyo, na mimi mwenyewe niliiandika, miaka kumi iliyopita. Kadi ikipotea, mwandishi anarudi kwa aliyesema, anakaa naye, anamwomba akumbuke, na anaandika upya mbele yake. Kimya aliposema hivyo alinitazama mimi, na akatabasamu kidogo. Niliona ni ufedhuli wa hali ya juu. Mama akampa ruhusa ya kutoka kila siku saa nane mchana, wiki nzima kama itabidi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimemnyang'anya yule mtu kadi kumi na moja nikampa wiki nzima na mke wangu, kwa muhuri wa ofisi. Jumanne saa nane akavaa koti akatoka. Jumatano vilevile. Alhamisi aliondoka saa nane kasoro, na nikakata maana tatu za mwenzetu mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Ijumaa uvumilivu ukaniisha. Nilisubiri robo saa baada yake, nikamwambia Mama naumwa jino, nikashuka ngazi mbilimbili.

Nilipofika kona ya posta, Kimya alikuwa anatoka dukani. Hakushtuka hata kidogo. Alinishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Afadhali umekuja mwenyewe. Shemeji atafurahi." Kisha akaenda zake, suruali imemkaa vizuri, na mimi nikabaki kwenye kizingiti nimekodoa macho. Alimwita shemeji. Alikuwa anajua.

Niliingia. Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu, chembamba: cherehani mbili, meza ya kupigia pasi, benchi la wateja lililolalia ukuta, nguo zilizokamilika zimetundikwa kila moja na kikaratasi chake. Mke wangu alikuwa ameinama kwenye meza akikata kitambaa cha bluu. Aliponiona aliacha mkasi, akatoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, uso umembadilika.

"Baba watoto," alisema, "nani amefariki?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mara ya mwisho kukanyaga dukani kwake nilikuja kumwambia habari za mama yake. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Nikasema hakuna aliyefariki. Nikatoa zile kadi mfukoni, nikazibwaga juu ya kitambaa chake cha bluu, na kumwambia anieleze. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko chumba.

Alizichukua, akazitazama mbele na nyuma. "Kumbe ziko kwako," alisema. "Mwenzio amezitafuta mpaka amechoka."

Nikaanza kumsomea moja moja, kwa tarehe, kama mwendesha mashtaka. Alikaa kwenye kigoda chake akinisikiliza, na kila nilipomaliza moja alinieleza, bila haraka. Aliyemwelewa hata hajamaliza kusema alikuwa mama mmoja mwenye gauni la harusi ya bintiye, Kimya alikuwa benchini tu anasubiri suruali. Wa kuja mapema kabla watu hawajafika ni mwenye sare za shule, kwa sababu ya foleni. Aliyemchekesha ni mwuza maji. Kutoka humu ndani akaione dunia, alisema siku ile feni ilipoungua na chumba kikawa tanuri, na wateja wote wakaitikia. Ya kupona na kutoumizwa na mtu alimwambia mwenye nyumba, yule aliyempandishia kodi, naye mke wangu akamnunia mwezi mzima.

Kila jibu lilinivua nguo moja. Lakini mtu akishapanda juu ya hasira haoni ngazi ya kushukia. Nikamwuliza kwa nini basi alinificha. Mwanamume wa ofisini kwangu anakaa dukani kwake, anaandika maneno yake, na mimi mumewe sijui.

"Nilikwambia," alisema. "Siku ileile ya kwanza. Tulikuwa mezani. Nikasema leo amekuja mwenzio wa ofisini, anataka kuandika ninavyoongea, nimkubalie au nimkatalie? Ukasema mkubalie."

"Mimi?"

"Ulisema, mm, mkubalie. Hukuinua kichwa, lakini ulisema."

Nilitafuta jioni hiyo kichwani mwangu. Nilikumbuka kwamba mwezi wa tatu nilikuwa nasahihisha neno gather. Maana zake saba nilizikumbuka zote kwa mpangilio. Mke wangu sikumkumbuka.

Alikuwa ananitazama, na haikuwa kwa hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Akaokota kadi moja kati ya zile kumi na moja akaigeuzageuza.

"Sasa nikuulize na mimi," alisema. "Hapa jina langu halipo. Ulijuaje kwamba ni mimi? Kwa maneno, au kwa anwani?"

"Kwa maneno," nikasema.

Nilisema haraka. Miaka ishirini na miwili nimekata sentensi za watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Aliinuka, akaenda kwenye rafu ya vifungo, akarudi na bunda jingine lililofungwa kwa mpira. Ni kadi mpya, alisema, mwenzangu amezimaliza leo na kumwachia azipitie kabla ya kuzichukua Jumatatu. Nyingine ni zake, nyingine ni za wateja waliokaa pale benchini. Akazichanganya. Kisha akavuta moja, akaishika mbele yangu na kidole gumba chake kimefunika mstari wa chini.

"Soma. Halafu uniambie kama ni yangu."

Ilisema: "Nikimwona tu akiingia mlangoni, napata nguvu."

Niliitaka kadi hiyo. Nikasema ni yake. Akaondoa kidole. Chini pameandikwa: muuguzi, mwanamke, mteja. Mke wangu akasema ni mama anayefanya kazi zahanati, alikuwa anamzungumzia mjukuu wake.

Akavuta ya pili. "Ukipata shati la mkono mfupi, usilaumu kitambaa, mlaumu aliyekata." Nikafikiri kidogo. Shati, mkono, kukata. Nikasema ni yake, maana fundi ndiye anayesema mambo ya mashati. Akaondoa kidole: mwuza maji. Alikuwa amesimama mlangoni anatania tu. Mke wangu alitabasamu kidogo, na mimi pia, na kwa muda mfupi nilidhani tutamaliza kwa kucheka.

Akavuta ya tatu. Hii hakuichagua ovyo, aliitafuta.

Ilisema: "Kiatu kikibana unakizoea. Siku ukikivua ndiyo unajua kilikuwa kinakuumiza."

Niliisoma kama ninavyosoma kadi zote, kwa kazi. Ilikuwa chini ya maana ya kuzoea, na katika bunda zima haikuwepo nzuri kuipita. Nilijisikia niko mahali ninapopajua. Nikamwambia hii ni sentensi safi sana, Kimya ana bahati. Nikamwambia hii si yake.

"Kwa nini si yangu?"

"Huyu ni mtu asiye na raha nyumbani kwake," nikasema. "Inasikika."

Mke wangu aliendelea kuishika kadi palepale mbele ya macho yangu, na nilikiona kidole gumba chake, ncha yake imejaa vitundu vidogo vya sindano ambavyo sijui nilikuwa sijaviona kwa miaka mingapi. Kisha akakiondoa.

Fundi cherehani, mwanamke, duka la pembeni mwa posta. Tarehe ya juzi.

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yanalia. Wivu wote niliokuja nao ulikuwa bado kifuani, ila sasa haukuwa na mtu wa kumkamata. Nilimwonea wivu Kimya vibaya zaidi kuliko asubuhi. Hakuwa amenichukulia mke. Alikuwa amekaa tu kwenye benchi lile akasikia, na mimi kiti changu cha mezani kiko mbele ya mke wangu kila jioni.

"Juzi aliniuliza kama nina mfano wa kuzoea," mke wangu alisema. "Ukanitoka wenyewe. Akaniuliza mara mbili kama ana ruhusa ya kuuandika, kwa sababu yako. Nikamwambia andika, msomaji wa pili ni mume wangu mwenyewe, atauona."

Akaiweka kadi mezani, juu ya kitambaa, upande wangu.

"Haya, isome kama kazi yako. Una kalamu hapo mfukoni. Kama ni ya uongo, ikate hapa hapa, mbele yangu."

Nikaitoa kalamu. Niliangalia tarehe, iko sawa. Niliangalia mahali, pako sawa. Niliangalia kazi ya msemaji. Kisha nikarudi juu nikaisoma sentensi polepole, safari hii kwa sauti yake, na nikaisikia ilivyo.

Nikaweka sahihi yangu pembeni, mahali pa msomaji wa pili. Mke wangu akaichukua, akaipuliza wino ukauke, akairudisha kwenye bunda pamoja na zingine.